Bendera ya Kijani

Mashine iliandika sifuri. Mpimaji akaisoma mara tatu, kisha akamkumbatia Mzee Blenda na aproni yake ya plastiki inayochuruzika maji ya kome.

Wiki sita walikuwa wameisubiri sifuri hiyo. Wiki sita tangu bahari igeuke rangi ya kutu, vijimea visivyoonekana kwa macho vikachanua ghuba nzima na sumu yao ikajaa ndani ya kome. Bendera nyekundu ilipandishwa gatini, mashamba yote ya kome yakafungwa. Aliyesaini barua ya kuyafunga ni yeye mpimaji. Kila wiki sampuli ilitoka shamba namba saba, lililoko mdomoni mwa ghuba, mbele ya gati, na namba saba lilikuwa la mume wake.

Mume alielewa. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, hakuelewa wala hakutaka kuelewa. Mke anayemfungia mumewe riziki kwa barua, alisema, ndiye kikulacho ki nguoni mwako. Salamu aliziitikia kwa kidevu. Kucheka ndiyo usiseme. Meno yake mpimaji aliyaona mara moja tu, kwenye picha ya harusi, na hata hapo bibi alikuwa anapiga chafya. Jambo hilo lilimuuma mpimaji kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

Ndiyo maana jana alikwenda hadi mjini kununua kome wa kugandishwa, walioletwa kutoka bahari ya mbali, ili bibi ale kitu roho inapenda. Mfuko wa dukani ulikuwa unavuja, akawahamishia kwenye mfuko wa bluu wa maabara, kama ile ya sampuli. Akaulaza ndani ya friji la sampuli, lenye tangazo kubwa mlangoni kwamba chakula ni marufuku. Kila mtu alifanya hivyo tangu friji la wafanyakazi lilipokufa. Asubuhi mumewe alipiga honi nje, mpimaji akafungua friji, akampitishia mfuko dirishani, akamwambia ampelekee mama zawadi yake kabla hajashuka baharini. Kisha akakimbilia mashine, kwa sababu siku hiyo mji mzima ulikuwa umemkodolea macho.

Hata Mzee Blenda, aliyepata jina hilo kwa kusaga sampuli miaka ishirini, aliamka vizuri. Kome wa leo wametakata, alisema, hakukwangua hata mmoja, bahari imetubu. Kikaratasi cha namba ya shamba hakukikuta kwenye mfuko wa sampuli, lakini vikaratasi hivyo vilizoea kubanduka, akaandika kingine kama kawaida yake.

Na sasa sifuri. Mzee Blenda alisimama mbele ya bango la dalili za sumu ya kome ukutani, akajishika kifua kama mgonjwa.

"Midomo kuwasha, kichwa kuwa chepesi, kujiona unaelea," akasoma. "Zote ninazo, na tangu asubuhi nimekunywa chai tu."

Walicheka mpaka mpimaji akakaa chini. Akapiga simu kwa mkuu wa gati, mkuu akapiga king'ora, na kabla mpimaji hajavua glavu barabara ilikuwa imejaa watu. Wachuuzi walibeba ndoo, mafundi wa boti walitoka na mikono ya grisi, mwenye mgahawa alikimbia na sufuria tupu kichwani. Mpimaji naye alikimbia, koti jeupe likipepea, akipigwa mabega na watu ambao juzi tu walivuka barabara ili wasimsalimie.

Palikuwa na desturi mbili. Ya kwanza, bendera ya kijani huvutwa na mpimaji mwenyewe. Ya pili, ikishapanda, mwenye shamba hula kome wa kwanza, mbichi, palepale kwenye boti yake, ili kuwatoa wanunuzi wasiwasi. Mumewe alikuwa ameshafunga boti kwenye kamba za kome za namba saba, hatua chache kutoka gatini, na alimpungia kisu huku akicheza.

Mpimaji alishika kamba ya bendera. Simu ikaita. Alipoona ni mama mkwe aliibana kati ya sikio na bega, akaendelea kuvuta.

Upande wa pili mtu alikuwa anacheka. Alidhani namba imekosewa.

"Mwanangu," sauti ikasema, na mpimaji alihisi machozi yakimjia, maana kwa miaka minne alikuwa akiitwa "wewe". "Mwanangu, kumbe una mambo."

"Umewapenda, mama?"

"Sufuria nimeimaliza peke yangu. Nimeambiwa wa dukani, lakini mimi si mtoto. Wa dukani gani wana mchanga hivi? Nimekwangua mpaka kucha zimekatika." Bibi alicheka tena, kicheko kirefu cha msichana. "Halafu chini ya mfuko nikaona kikaratasi. Namba saba. Umewaiba kome wa shamba la mwanangu kwa ajili yangu, na kazi yako yote ile. Nimekusamehe, unasikia? Yote nimeyasamehe."

Watu walikuwa wakipiga makofi. Mikono ya mpimaji ilimaliza kuvuta yenyewe.

"Nina raha leo, siwezi kusema," mama mkwe akaendelea, maneno yakianza kumteleza. "Najiona mwepesi, kama naelea. Hata midomo inawasha."

Juu ya gati bendera ya kijani ilikunjuka, na ndani ya boti mumewe aliinua kome wa kwanza, akawaonyesha watu, akamtia kinywani.