Eligio Akisimama

Simu ya ukutani ililia mara moja tu, na Eligio Mañón akawa amekwisha kusimama, maganda ya karanga yakimdondoka mapajani.

"Ni wewe," alisema Quilvio, aliyedaka mipira ya mazoezi. "Kocha anasema uanze kupasha mkono."

"Najua ni mimi. Mara ya thelathini na nne msimu huu."

"Na umeingia mara ngapi?"

"Kula karanga zako, Quilvio."

Hakuwa ameingia hata mara moja, na hilo ndilo lililomuuma. Katika besiboli, mtupaji wa akiba hukaa ndani ya uzio mdogo kando ya uwanja, akingoja mtupaji aliyeanza mchezo achoke. Eligio alikuwa amengoja hivyo miaka kumi na mitano, katika timu sita, na kila timu ilipomwacha, nyingine ilimgombania. Ajabu yake ilijulikana kisiwa kizima: Eligio akisimama tu kupasha mkono, wapinzani hawapati pointi tena.

"Ni hofu," aliwahi kumweleza kinyozi wake, mjini San Cristóbal. "Mpigaji akiniona nimesimama, magoti yanamlegea. Hamkumbuki tarumbeta?"

Wote kwenye kiti na kwenye benchi walilikumbuka tarumbeta. Lilikuwa la bendi ya jukwaani, na mpira wa Eligio, akipasha mkono tu, ulikuwa umelibonyeza kama kopo la maziwa.

Lakini leo ilikuwa Jumapili ya fainali, naye alikuwa na miaka thelathini na tisa. Bega lilimuuma hata akichana nywele. Jana yake alikuwa amemfuata kocha, Don Fello, akiwa amevua kofia.

"Kocha, kesho natundika glavu. Niingize hata kwa mpira mmoja. Mama atakuwepo."

Don Fello alimshika mabega yote mawili. Machozi yalimlengalenga.

"Mwanangu, bila wewe kesho siwezi kushinda. Nakuapia mbele ya Mungu."

Eligio hakulala vizuri kwa furaha.

Sasa alirusha mpira wa kwanza kwa Quilvio, wa pili, wa tatu, huku akitazama jukwaani. Nyuma kabisa ya benchi la kocha, Doña Nidia, mama yake, alikuwa ameshuka kwenye kiti na kupiga magoti juu ya maganda ya karanga, rozari mkononi. Alifanya hivyo kila mwanawe aliposimama.

"Mwone mama," alisema Eligio. "Amefunga siku tatu kwa ajili ya leo."

"Ili tushinde?"

"Kwa ajili yangu, mjinga wewe!"

Ilikuwa raundi ya tisa, ya mwisho. Majogoo, timu yao, waliongoza kwa pointi moja. Wapinzani walikuwa wamejaza vituo vyote vitatu, na alibaki mpigaji wao mmoja tu wa kutolewa ili mchezo uishe. Kijana Wilmy Peguero, aliyetupa tangu mwanzo, alikuwa hoi. Mipira yake minne ya mwisho ilipita mbali na shabaha. Jasho lilimtiririka hadi kwenye viatu.

Don Fello akatoka benchi, akatembea polepole kuelekea kichuguu anaposimama mtupaji. Kocha akitembea hivyo, kwa kawaida huenda kuchukua mpira na kumpa mwingine.

Eligio akavua koti. Akafanya ishara ya msalaba. Akafungua lango la uzio na kusimama hapo, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

Uwanja mzima ukanyamaza. Ngoma zikakoma. Wanaume wakavua kofia. Bendi yote ikainama.

"Sikia kimya hicho," alinong'ona Eligio. "Hiyo ndiyo heshima, ndugu yangu."

Quilvio alikuwa amefumba macho, midomo ikimchezacheza.

Kule kwenye kichuguu, Don Fello hakuuomba mpira. Alionyesha lango kwa kunyoosha midomo.

"Umemwona aliyesimama pale?"

Wilmy akageuka, uso ukamsawijika.

"Kocha, hapana. Nakusihi. Nina familia jukwaani."

"Basi kosa shabaha mara moja tu, halafu uone kama simwiti."

Wilmy alitupa mara tatu, na mara zote tatu mpira ulipita katikati kabisa, mpigaji akikata hewa.

Majogoo wakawa mabingwa. Wachezaji hawakumkimbilia Wilmy. Walikimbilia langoni, wakambeba Eligio juu juu, wakimbusu mkono wa kulia kana kwamba ni masalia ya mtakatifu, hadi wakamfikisha jukwaani kwa mama yake.

"Mama," alisema, machozi yakimtoka, "hata leo sikuingia."

"Najua, mwanangu," alisema Doña Nidia, akiibusu rozari. "Miaka kumi na mitano namwomba Mungu, na hajaniangusha hata siku moja."