Risasi Mbili Ambazo Hazikulia

Risasi mbili zilikuwa ndani ya kifuko cha plastiki, nzima kabisa. Kila moja ilikuwa na kibonyeo kwenye kitako, pale sindano ya bunduki inapogonga, na hakuna hata moja iliyolipuka. Mzee Delbert Stroud, fundi bunduki, alizitazama kupitia miwani yake ya kazi, kisha akaziweka mezani.

Ofisi ya sherifu ilikuwa imekaa na vitu hivyo miaka mitatu. Ilipochoka kumtafuta mwizi aliyeua, ikamrudishia mjane bunduki ya marehemu mumewe na risasi hizo ndani ya boksi, na mjane akaileta moja kwa moja kwa fundi.

"Nataka ikivutwa ilie," Twyla Pruett alikuwa amesema asubuhi hiyo. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. "Naishi peke yangu kule mwisho wa barabara ya changarawe. Sitaki bunduki ya pambo."

"Nitaijaribu mwenyewe, Bi Twyla. Haitagoma."

"Maana ile tik sitaki kuisikia tena. Tik, kimya kidogo, halafu tik. Mpaka leo naisikia nikiosha vyombo."

Delbert aliitikia kwa kichwa. Majonzi humfanya mtu asikie mengi, alijiambia.

Kwetu hapa Oklahoma mgeni huonyeshwa bunduki kabla ya kuonyeshwa watoto, na nyingi za kaunti hii zimepita mezani kwa Delbert. Hii aliiunga yeye mwenyewe, kipande kwa kipande. Garland Pruett alitaka kifyatulio chepesi, na Delbert akamfungia springi laini kuliko ile ya kiwandani. Akaijaribu kwa risasi kumi tu, kwa sababu siku hiyo alikuwa na haraka ya kwenda kuvua kambare. Haraka hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtafuna.

Habari aliyoandika sherifu kila mtu aliijua. Mwizi aliingia saa tisa mchana kwa mlango wa nyuma, ambao haukuvunjwa, maana huku nani anafunga mlango? Garland akachukua bunduki, bunduki ikakwama, mwizi akanyakua kisu cha jikoni akamchoma. Twyla alikuwa kwenye banda la kuku, nyuma ya ghala, anaokota mayai. Hakusikia chochote. Mwizi hakuonekana tena, wala kisu.

Siku ya mazishi kaunti nzima ilipeleka mabakuli ya makaroni na jibini. Delbert alibaki ndani ya gari lake nje ya kanisa, hana uso wa kumtazama mjane. Tangu hapo Garland hakumwacha. Akipiga tupa, akinywa kahawa, alimwona amesimama jikoni na ile bunduki bubu mkononi, anamtazama fundi wake.

Kwa hiyo sasa alifanya kazi siku nne kama mtu anayetubu. Springi laini aliing'oa, akafunga nzito. Akabadili sindano, akasugua masizi yote, akaweka magazini mpya, akafunga na tochi ubavuni mwa mtutu. Mkewe, Opal, alimletea chakula karakanani.

"Umeioa hiyo?" alimtania. "Uniambie mapema, nihamishe nguo zangu."

"Ikigoma tena, Opal, mtu atakufa."

"We mzee! Garland aliuawa na mwizi. Hukumuua wewe."

Delbert akainamia tena springi. Chakula kilipoa pale pale kwenye sahani.

Siku ya tano aliipeleka kwenye korongo nyuma ya nyumba, akafyatua risasi mia tatu. Zote zililia. Alipomaliza, bega linamuuma, alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akalia kwa sauti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu amzike mama yake. Akaamua kwamba Twyla akija atamwambia ukweli, hata kama atamtemea mate.

Twyla alikuja mchana, kofia ile ile. Bunduki ilikuwa mezani, na kando yake kile kifuko.

"Kaa kidogo, Bi Twyla. Nina neno zito."

"Sema tu, nimesimama."

"Bunduki haikukwama siku ile. Sherifu aliandika hivyo kwa kuwa hajui. Nilifunga springi dhaifu, na sikuijaribu inavyotakiwa. Sindano iligonga risasi ya kwanza kwa unyonge, haikulipuka. Akaitoa, akajaribu nyingine, nayo ikawa vile vile. Ilitoa mlio mdogo tu, kama..."

Tik, kimya kidogo, halafu tik: ndivyo alivyosema Twyla. Mlio ule hausikiki hata chumba cha pili, sembuse kwenye banda la kuku, nyuma ya ghala.

Aliinua macho. Twyla alikuwa amevua kofia na kuishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza alikuwa anamtazama usoni.

Lakini ile sentensi Delbert alikuwa ameibeba miaka mitatu, na sasa ilimtoka yenyewe. "Isingekuwa springi yangu, Garland angekuwa hai."

"Angekuwa hai," Twyla alikubali. "Jikoni tulikuwa wawili tu, Mzee Delbert, na mtutu ulikuwa umenielekea mimi."