Jumamosi Nne Mlangoni

"Jumamosi ya nne hii unahutubia kuta! Mwanangu alale saa ngapi?" jirani alifoka mlangoni, mtoto begani.

"Ni darasa la walimu, la mtandaoni," mwalimu alijibu kinyonge. Hakuwa amekuja hata nzi. Leo alikuwa ameamua kulifunga darasa hilo.

Jirani akainamia simu iliyokuwa mkononi mwa mwalimu. "Na hawa mia mbili wanaosubiri kuruhusiwa?"

Kitufe cha kuwaruhusu mwalimu hakuwahi kukiona. Akakibonyeza.

Nyuso zikamiminika mpaka kioo kikajaa: mmoja na chaki sikioni, mwingine na mtoto mgongoni, wote wakipunga mikono.

"Mwalimu! Jumamosi nne tunabisha hodi! Tulisema hatuondoki mpaka ufungue."

Jirani akashika kinywa. "Mama yangu! Nyumba imejaa."

Mwalimu alijifuta machozi kwa kiganja. "Basi na wewe, shoga, usisimame mlangoni. Mlaze mtoto hapo kitandani, uje tuwapokee wageni."