Wimbo wa Khezal Mahakamani

Khezal alipandishwa kizimbani akiwa na miaka themanini na moja. Kosa lake lilikuwa kuimba kwa Kikurdi kwenye harusi ya mjukuu wake, katika mji ambao lugha hiyo ilikuwa imepigwa marufuku.

"Wimbo wenyewe ulisema nini?" hakimu aliuliza kupitia kwa mkalimani.

"Hausemeki, mwanangu. Huimbwa tu."

"Basi imba, tusikie."

Khezal akafumba macho, akaimba. Ulikuwa wimbo wa vijiji vilivyochomwa moto milimani, kila kimoja kwa jina lake, chemchemi yake na watu wake. Sauti ilikuwa kubwa kuliko mwili ulioitoa. Karani akaacha kuandika. Mkalimani naye akaacha kutafsiri, na hakuna aliyemhimiza.

Alipofika kijiji cha tano, pumzi ikamwishia. Akashika ukingo wa kizimba.

Ndipo askari aliyemfunga pingu, mtu ambaye hakuna mjini aliyejua kwao ni wapi, akakitaja kijiji cha sita akiwa mlangoni, akiimba kwa Kikurdi. Khezal akafumbua macho. Hakimu alikuwa ameinua nyundo yake, na haikushuka.