Mwendo wa Dinosaria

Sanduku la nguo lilikuwa limeshafungwa na kuwekwa nyuma ya mlango. Kabla ya kumtupia mumewe virago, mke wa fundi friji alitaka jambo moja tu: amwone huyo mwanamke kwa macho yake mwenyewe.

Yote yalianza na daftari. Mumewe alikuwa amepagawa na dinosaria. Mchana alitengeneza friji za watu, jioni yuko mezani na penseli, bila mwalimu wala aibu. Miaka miwili ya kwanza mijusi wake wakubwa walisimama kama meza. Kisha ghafla wakaanza kutembea.

"Mifupa naipata vitabuni," alimwambia mkewe. "Mwendo ndio kazi. Mwendo lazima uuibe kwa mtu aliye hai."

"Kwa nani?"

"Ah, hapa na pale, mke wangu."

Hapa na pale! Alipoenda kazini, mkewe akalifungua daftari. Kurasa arobaini, dinosaria jike mmoja yuleyule: shingo imeinama, uzito kauegemeza kulia, mguu wa kushoto anauburuza kidogo. Chini, kwa mwandiko wa mumewe: *Leo amechoka. Hupendeza zaidi akidhani hakuna anayemtazama.*

Akalifunga daftari kwa kishindo. Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na yeye hajachorwa hata kidole!

"Na mimi utanichora lini?" alimuuliza wakila.

Mumewe akacheka peke yake, akainamia sahani kama mwanafunzi aliyekamatwa.

Basi upelelezi ukaanza. Akamchunguza muuza dawa, akamchunguza mjane wa ghorofa ya juu, akakaa dirishani asubuhi nzima akikagua miguu ya wapita njia. Wote walitembea wamenyooka kama rula. Hata kwa fundi viatu, alikopeleka kiatu cha kushoto kilicholika soli, macho yake yalikuwa kwenye miguu ya wateja wengine.

"Mara ya tatu mwaka huu, mama," fundi alisema. "Na mwenzake wa kulia bado mpya."

Hakumsikia.

Jumamosi picha za wachoraji wa mtaa zilitundikwa maktaba. Huyo mwanamke, alijiambia, hawezi kukosa kuja kujitazama. Akapanda ngazi za maktaba moja moja, akipumzika, huku akiyapanga maneno ya kumwambia. Maneno alikuwa nayo ya kutosha, na mengine hayasemeki mbele ya watoto.

Mlango ulijifunga nyuma yake. Ukumbi ulikuwa kimya. Ukuta wa mbele wote ulikuwa wa dinosaria jike, shingo imeinama, akitembea taratibu kwenye tope. Mumewe alisimama kando ya picha, amevaa shati lake la harusi. Alipomwona mkewe, akatabasamu kwa woga.

Anajua nimemfumania, mkewe akawaza. Akauvuka ukumbi kumfuata, soli mpya ikikwaruza sakafu kila hatua ya pili.

Msichana mdogo aliyekuwa akiitazama picha alisikia, akageuka, akamvuta mama yake mkono.

"Mama, ona! Yule wa kwenye picha amekuja."

Mke wa fundi aligeuka upesi, hatimaye amwone. Nyuma yake palikuwa na mlango tu, umefungwa.