Mama Nguchiro Afuata Jeshi

Alikuwapo Mama Nguchiro asiyemwamini kiumbe yeyote. Hata maji ya kisima aliyanusa kwanza. Siku moja mwanawe Shaweji, aliyekuwa ndiyo kwanza anabalehe, alimwambia, "Mama, nakwenda kujiunga na jeshi la Nyegere, tulinde vichuguu vyetu dhidi ya nyoka. Nipe radhi zako."

"Jeshi gani hilo linalotaka watoto?" aliuliza mama. Lakini alijua kijana akinyimwa radhi huondoka bila radhi. Basi akampa, akamfungia na mayai ya njiani, akaahidi kubaki nyumbani.

Hakubaki. Moyo ulimwambia kuwa Nyegere anawanenepesha watoto ili awale. Akamfuata kwa kunyata majanini hadi kambini, akaanza kupenya chini ya ua.

"Simama hapo hapo!"

Alikuwa Shaweji, aliyekuwa akishika zamu.

"Mwanangu, ni mimi mama yako!"

"Mama yangu aliahidi kubaki nyumbani," alijibu Shaweji. "Na adui hujua kuigiza sauti. Usisogee."

Mama akakaa juani, hasira na fahari zikimgombania, mpaka Nyegere alipokuja akamtambua.

"Tuwie radhi, mama," alisema Nyegere. "Vijana wangu wengine huamini kila sauti. Huyu alifundishwa na nani kushuku namna hii?"

Mama Nguchiro akajikung'uta vumbi. "Nilimfundisha mimi," alisema, "ila sikujua kama ataanza na mimi."

Akarudi nyumbani kwa njia ya wazi, na Shaweji hakumwondolea macho mpaka alipopotea.