Geji ya Gerishon

"Hizi rudisha," Sifuna alisema, na kabla dereva azime injini, bomba ya kwanza ilikuwa tayari imelala kwenye nyasi. "Hii ni ya maji. Mimi niliitisha stenlesi."

Mbuthia, mwenye kampuni, alitoka ofisini na kikombe mkononi. "Fundi, bomba ni bomba."

"Iambie haidrojeni hivyo, boss. Hiyo inaingia ndani ya chuma kibaya, inakivunja kama biskuti. Na ikivuja haina harufu. Ikishika moto mchana, moto huuoni. Utajua tu nyusi zimeenda."

Mbuthia hakucheka. Lakini stenlesi ililetwa.

Kazi ilikuwa mtaa wa Karen, kwenye chumba kidogo nyuma ya ofisi, ambapo Mbuthia alitaka kujaribu jenereta ya haidrojeni. Wa kuiwasha alikuwa Joyline, binti ya Sifuna, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Ndiyo maana Sifuna alichomelea kila kiungo kwa mkono wake, akakipitia na tochi, akarudia vitatu ambavyo fundi mwingine angeviacha.

"Unajenga kanisa?" Mbuthia aliuliza.

"Mtoto wangu ndiye atakaa ndani, boss."

Siku ya kupima, jua la Julai lilijisahau likawaka, mabati yakawa yanalia kwa joto. Sifuna alifungua taulo akatoa geji ya kupima presha, aliyoachiwa na marehemu Gerishon, mzee aliyemfundisha kazi. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kuiguza. Caren, mke wake, aliiita mke mwenza. Nje ya bomba, mshale wake ulilala kwenye sifuri kama mtoto aliyeshiba.

Aliifunga kwenye bomba, akaingiza naitrojeni, ile gesi isiyoshika moto. Mshale ukapanda hadi ishirini. Akafunga valvu.

"Kesho asubuhi ukiwa hapo hapo, hatuvuji. Ukishuka, tunatafuta shimo," alimwambia Kaindi, mtu wa mitungi ya gesi. Akabeba ngazi begani, akageuka amtolee Kaindi kichekesho, na mguu wa ngazi ukaigonga geji.

"Pole, mama," Sifuna aliiambia, akipangusa kioo. Hakikuwa na ufa. Ishirini.

Asubuhi ilikuja na baridi ya kukata masikio. Joyline alifika mikono ikiwa ndani ya mikono ya sweta, pumzi ikitoka moshi. Baba yake alikuwa mbele ya geji, ametabasamu mpaka jino la nyuma.

"Ishirini! Hata unywele haujasonga."

"Baba, si presha ya gesi hushuka ikipoa? Na hii baridi yote haijashuka hata kidogo?"

"Stenlesi haiogopi baridi ya Karen."

"Na povu? Si ulisema utapaka kila kiungo sabuni, tuone kama kinavuja?"

Nje, Kaindi alikuwa ameshaanza kushusha mitungi ya haidrojeni. Mbuthia aliangalia saa. Wageni wake wangefika saa sita.

"Povu ni ya mtu hana geji," Sifuna alisema, akaenda kunywa chai.

Aliporudi, Kaindi alikuwa amefungulia naitrojeni itoke kwa valvu ya nje. "Mzee, imetoka kimya kabisa. Nilidhani itapiga kelele."

"Bomba yangu ina adabu."

Kama kawaida yake, Sifuna, akiwa bado anamcheka Kaindi, aliifunika geji uso kwa taulo kabla spana haijaigusa, kioo kisikwaruzwe. Akaifungua hivyo hivyo, akaivingirisha, akaiweka kwa begi. Akaziba tundu, akamwachia Kaindi mitungi.

Mlangoni kulikuwa na kikapu, na sheria: simu haziingii. Joyline aliweka yake.

"Saa sita nawasha, Baba."

"Ukimaliza unipigie. Mama yako hatakula mpaka asikie."

Na kweli, nyumbani Riruta, Caren alikuwa amefunika chakula. Redio ilikuwa inacheza kwa sauti ya chini.

"Mke mwenza amefanya kazi?"

"Amenyamaza tu, kama malaika."

"Na Joyline amepiga?"

"Simu iko kwa kikapu, mama. Tulia. Ile bomba nimeijenga mimi."

Caren alikaa, akaangalia simu yake hata hivyo. Sifuna alivuta begi, akatoa kopo la mafuta na kitambaa, maana hakuwahi kulala kabla ya kuipangusa geji, na leo ilistahili kupanguswa mapema. Redioni, mtangazaji alisema ni saa sita kamili.

Sifuna alifungua taulo mezani, kona moja, kisha nyingine. Nje ya bomba, mshale bado ulikuwa umesimama kwenye ishirini.